Vizazi Vinane na Mkia Mfupi

Jumatatu, 2 Julai 1973

Daftari jipya. La zamani limeliwa na mchwa, nusu ya mwaka jana imekwenda nalo — si hasara kubwa. Naandika Kiswahili kwa sababu Mama anasoma Ekegusii vizuri mno na Baba anasoma Kiingereza cha magazeti. Kiswahili cha Baba ni kile cha jeshi: njoo, nenda, simama! Kusoma hakisomi. Hapa niko salama.

Leo nimewafundisha Fomu Tatu habari za nyangumi. Hawamo kwenye mtihani. Lakini mvua ya mawe ilipiga mabati hadi somo la figo likafa lenyewe, na ilipokatika nikaona heri niwatolee ule mfupa wangu. Ni mfupa wa sikio la nyangumi, unajaa kiganja. Aliniachia Ragnhild, mwalimu mwenzangu, alipomaliza miaka yake miwili hapa na kurudi kwao Norwei. Babake alikuwa mwindaji wa nyangumi. Kila mgeni wangu hudhani ni jiwe la sabuni la wachongaji wa Tabaka, lililochongwa ovyo. Mama aliwahi kuniuliza ni nani aliyeniuzia, nimrudishie.

Nikachora dunia ubaoni, ikweta katikati. Nyangumi wa kusini hupanda kuja maji ya joto miezi hii hii, Julai, Agosti, kwao kukiwa baridi. Wakati huo wa kaskazini wako mbali kule juu kwenye barafu, wanakula. Hao wakishuka, wa kusini wamekwisha kurudi kwao. Bahari ni moja, haina ua wala seng'enge, na hawakutani! Miaka elfu kwa elfu, kila upande na zamu yake, mpaka miili yenyewe inaanza kutofautiana. Tena kuna wale bluu wa Bahari ya Hindi, upande wa kusini, ambao mabingwa wamewatambua juzi juzi tu: mkia mfupi kuliko wenzao. Si kabila jipya la mnyama, ni tawi ndani ya kabila. Mimi nawaita mbari.

Kwamboka wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Mwalimu, kwani hao hawana esigani wa kupeleka habari huku na huku?

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote, na wasichana hawajui kwa nini. Esigani wangu mimi anaondoka kesho kutwa! Mama Nyamusi wa Kiogoro. Ndiye mshenga wetu, na kazi yake ni kuuchimba ukoo wa mchumba mpaka mzizi kabla Baba hajaipokea posa.

Mchumba ni Ondieki. Basi, nimeliandika jina.

Alhamisi, 5 Julai

Ondieki kapita saa kumi, pikipiki ya serikali inatoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Yeye ndiye anayezunguka kutoka Keroka akiwapandikiza ng'ombe wetu mbegu ya gredi, ya madume ya kizungu. Watoto humwita Fahali wa Serikali na hukimbia. Yeye hupunga mkono kama waziri.

Alinawa mikono mara tatu kabla ya chai. Huwa namhesabia. Akasema ng'ombe wa gredi akichanganywa na wa kienyeji, ndama huchukua akili ya nyanya na maziwa ya shangazi. Nikamwambia hiyo si sayansi. Akasema ni uzoefu.

Nampenda jamani! Ana miaka thelathini na mitatu na bado huona haya akila mbele ya Mama.

Jumapili, 8 Julai

Mama Nyamusi amerudi kutoka kusini, kwao Ondieki. Alikunywa kwanza uji wa wimbi vibuyu viwili, na mimi nyuma ya mlango nimetega sikio.

Kijana ni mzuri, akasema. Hanywi. Hana deni la mtu. Mama yake mpole, baba yake Mzee Omwenga ana maneno mengi lakini moyo safi. Halafu akaanza majina, kama alivyoyapokea kwa Mzee Omwenga: Ondieki wa Omwenga, wa Okemwa, wa nani, wa nani... akipanda. Baba alikuwa anachokonoa meno. Akaacha.

"Rudia huyo wa mwisho."

"Nyasani."

"Nyasani mwenye jicho moja?"

"Huyo huyo. Mwanawe mmoja alimfuata mtamba aliyepotea, akafika kusini, akabaki huko."

Baba alisimama hadi kiti kikaanguka. Nyasani mwenye jicho moja ni babu yetu sisi! Hadithi ya yule mwana na mtamba nimeisikia tangu nikiwa mgongoni. Ila kwetu inaishia kwamba simba alimla. "Hakuliwa!" Baba akapiga kelele. "Hakuliwa! Amezaa! Tuko na watu kusini!"

Alilia. Baba yangu, Jethro Ratemo, mzee wa kanisa, machozi mpaka kwenye tai. Alikuwa na ndugu wawili. Mmoja alibaki vitani Burma mwaka wa arobaini na nne, mwingine ndui ilimchukua mwaka uliofuata. Tangu hapo yuko peke yake. Sasa alikuwa anamshika Mama Nyamusi mikono kama anataka kucheza naye.

Mama ndiye aliyesema, polepole, akiokota kiti. Basi hawa watoto ni ndugu.

Nilisikia kuku akikwaruza huko nje.

Jumanne, 10 Julai

Sijalala vizuri. Nimehesabu mara mia. Kutoka Nyasani hadi mimi: vizazi vinane. Hadi Ondieki: vinane pia.

Baba amenieleza leo, akiangalia chai shambani wala si uso wangu. Katika ukoo wetu ndugu hawaoani, hata wakiwa mbali vipi. Lakini vizazi vikifika vinane, wazee wa pande mbili wanaweza kukaa na kuukata undugu. Wanaweza — si lazima. Wazee wawili hushika ukanda wa ngozi ya ng'ombe, huyu ncha hii, yule ncha ile, unakatwa katikati kwa kisu cha jikoni kwa mama ya msichana. Na msichana mwenyewe ndiye anayekileta kisu, asije akasema kesho kwamba hakujua.

Nikauliza, ukishakatwa?

"Tunakuwa wageni. Mnaweza kuoana. Lakini mimi na Omwenga basi. Mimi nikifa haji kunizika kama ndugu, anakuja kama mkwe, anakaa upande wa wageni. Na watoto wenu, na wa wenzenu, hivyo hivyo hadi mwisho wa dunia. Haiunganishwi tena."

Nimemwandikia Ragnhild usiku huu huu. Swali moja tu: nyangumi watengane vizazi vingapi ndipo mabingwa waseme hawa si wamoja, ni mbari mbili? Nimebandika stempu nyingi kuliko inavyotakiwa.

Jumamosi, 14 Julai

Sabato yetu Waadventista. Tumetoka kanisani tukamkuta Mzee Omwenga ameketi kwetu kwenye kivuli cha migomba, na kuku hai mapajani. Mkatoliki huyo, hakujua! Kuku wa kuchinjwa siku ya Sabato! Baba akamtazama kuku, akamtazama mgeni, akaanza kucheka. Mzee Omwenga naye akacheka. Jamani! Kicheko ni kile kile. Kinaanza puani, kinakwama kooni, kisha kinatoka chote kwa mpigo. Mama alikuwa jikoni, akatoka mbio akidhani Baba anakabwa.

Kuku amepona. Anatembea uani kama mwenye nyumba.

Walikaa hadi giza. "Ndugu yangu" huku, "ndugu yangu" kule. Walibishana kama Nyasani alipoteza jicho kwa mshale au kwa mwiba wa mti. Wakashindana nani ana goti bovu zaidi. Sijamwona Baba hivi maisha yangu yote. Furaha yake inanichoma, na ninaionea wivu, na ninampenda — yote pamoja.

Ikafika wakati Mzee Omwenga akavua viatu apumzishe miguu. Kidole kidogo cha mwisho kimempanda mwenzake mgongoni. Miguu yote miwili.

Cha Baba kiko hivyo. Changu pia.

Jumatano, 18 Julai

Nimemwambia Ondieki avue gambuti. Alidhani nataka kumwoshea miguu, akaona haya.

Kiko. Kidole kile. Nikamwambia avae tu.

Wanaopima nyangumi hupima kila kitu: mkia, mapezi, damu, na wanaandika kila kitu, kinachowafaa na kisichowafaa. Mimi ni mwalimu wa bayolojia na nimeficha kidole. Hiki sitamwambia mtu.

Jumatano, 25 Julai

Leo nimefanya ujinga. Nilikuwa nimeandika karatasi nzima ya tofauti zetu na watu wa kusini, ili Baba aisome mbele ya wazee. Wao hupanda wimbi mapema, sisi tunachelewa. Maneno kadhaa hawayatamki kama sisi. Wao Wakatoliki, sisi Waadventista. Uji wao mwepesi. Wanaume wao warefu wa kiwiliwili, sisi warefu wa miguu — hili nimelipika kidogo. Nikamsomea jioni, nikamweleza na nyangumi wa mkia mfupi: bahari moja, babu mmoja, lakini wametengana mno hata mabingwa wamewapa jina lao. Kwa hiyo na sisi tumetengana, Baba. Ukanda umekwisha kukatika wenyewe, ninyi mtakata hewa tu.

Alisikiliza yote. Baba ni msikilizaji mzuri, hilo ndilo tatizo lake. Kisha: "Hao nyangumi, wa kaskazini akikutana na wa kusini, wanaweza kuzaa?"

Nikasema nadhani ndiyo.

"Basi hao ni ndugu. Wewe mwenyewe umefundisha." Akaitazama miguu yangu. "Na vidole umepima?"

Loo! Alikuwa ameona. Siku ile ile ameona, na amenyamaza siku kumi na moja.

Akasema, si kwa ukali, kwamba ameishi bila ndugu miaka ishirini na minane, na sasa ana ndugu majuma mawili. Mimi nikapandwa na hasira. Nikasema na mimi nimeishi bila mume miaka ishirini na tisa! Nilipiga kelele. Kwa Baba. Kanisa zima la jirani limesikia, nina hakika.

Alikwenda kumtazama ng'ombe ambaye hana shida yoyote. Nimelia, nikaenda kumwomba radhi zizini. Akanipa kamba nimshikie, tukasimama hapo kama tunamshughulikia ng'ombe.

Ijumaa, 3 Agosti

Barua ya Ragnhild! Nimeisoma njiani kutoka posta, nikajikwaa mara mbili.

Anasema hakuna namba. Hakuna, Drusilla! ananiandikia. Hakuna kitabu kilichoandikwa nane au elfu nane. Kuna watu wamepima mikia, wamelinganisha, wakaketi mezani na kubishana. Wengine wanasema wale wa mkia mfupi wametengana vya kutosha kuwa na jina lao, wengine wanasema ni wale wale wamepungua tu. Babake ambaye aliwakata kwa mikono yake anasema ni wale wale, lakini sasa ni mzee na anasema mengi. Mwisho, anasema, ni watu wanaamua pa kuweka mstari. Nyangumi hawaulizwi. Ananisalimu, anauliza kama mfupa bado uko.

Nilicheka peke yangu barabarani, na kilio kikichungulia. Mabingwa wa dunia nzima, na vyombo vyao, kumbe nao ni wazee wameketi na ukanda!

Ila jambo moja limenikaa. Kwa nyangumi, wanaozaliana ndio wamoja. Kwetu, walio wamoja ndio wasiozaliana. Baba anataka kuwa mmoja na Omwenga, mimi nataka kuwa mmoja na Ondieki, na huwezi kupata yote mawili, na wote tunadai neno lile lile.

Ondieki alikuja jioni. Nikamwambia tunaweza kwenda kwa D.C. Kisii, mkuu wa wilaya, tutie sahihi, tumalize. Wengi wanafanya. Akakwangua tope kwenye kiatu. Akasema baba yake siku hizi huimba akienda mtoni. Kabla ya kumjua Baba hakuwa mtu wa kuimba. "Nikifunga ndoa kwa wizi," akasema, "nitakuwa nimewaibia wao wawili."

Nilitaka kumpiga. Halafu nikaona ndiyo maana nampenda, mtu mwenyewe yuko hivyo. Tukakubaliana: wazee wakae. Watakalosema ndilo hilo.

Wanakaa Jumapili ya wiki ijayo, kwetu.

Jumapili, 12 Agosti

Saa tano. Niko jikoni, daftari kwenye kapu la viazi. Wamefika. Upande wa kusini wazee wanne, Mzee Omwenga mbele na koti jeusi, upande wetu watano. Ondieki amesimama nje ya ua kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Yule kuku wa Sabato yuko miguuni pake. Mama amenikataza kuchungulia, halafu yeye mwenyewe anachungulia.

Saa sita u nusu. Wamesema yote ya kusema. Wamehesabu majina, vizazi vinane huku na vinane kule. Mzee mmoja wa kusini alisema tukatae, damu haikatiki kwa kisu. Mwingine akasema vizazi vinane ni vingi, hata mlima huliwa na mvua. Ndipo Baba akaomba mfupa! Nikampelekea. Akawaeleza wote habari za nyangumi, kwa Ekegusii, vizuri kuliko ninavyofundisha mimi. Hata mkia mfupi hakuusahau. Akasema binti yake ameuliza wenye elimu ng'ambo, na wenye elimu wamesema hakuna namba, ni sisi wenye kuamua. Hakusema neno juu ya vidole. Mfupa ukazungushwa mkono kwa mkono. Mzee Omwenga akauweka sikioni, akasema hausemi kitu.

Saa saba. Wamekubali. WAMEKUBALI! Utakatwa. Mama amekaa chini palepale kwenye kuni. 

Saa nane. Hawajakata. Ukanda umeletwa, wamekwisha kuushika, Baba ncha hii, Mzee Omwenga ncha ile. Baba akasema kwanza chai. Tumepeleka chai. Wamekunywa na ukanda mkononi, wakibadilishana mkono wa kikombe.

Saa nane u nusu. Baba anataka chai tena. Mzee Omwenga ameanza hadithi ya mtamba. Safari hii mtamba ana jina.

Saa tisa. Chai ya tatu. Mama anasema majani yamekwisha. Sisi! Na shamba lote lile huko nje! Wazee wengine wamechoka, mmoja amelala ameegemea ukuta. Ondieki amekaribia dirisha la jikoni, tumeangaliana. Macho yake mekundu. Nikampa kiazi, akala, mbele ya Mama, bila haya.

Saa tisa na robo. Baba ameita kisu. Sauti yake imetoka kavu, jina langu la nyumbani na Kiswahili cha jeshi: "Bonareri! Leta kisu!"

Nimekitoa kwenye rafu, nikajaribu makali kwa kidole gumba. Butu. Hakikati hata ngozi ya ndizi. Nikamtazama Mama. Baba hunoa kisu hiki kila Ijumaa kabla jua halijatua, tangu nizaliwe, ili siku ya Sabato isibaki kazi yoyote. Mama akasema Ijumaa hakunoa. Alisema mkono unamuuma. Mama akageuka akaanza kuosha kikombe kilichooshwa.

Anaita tena. Nimejibu nakuja.

Nimevuta jiwe la kunolea, liko kwenye paja, daftari kwenye paja la pili. Kisu upande mmoja, upande wa pili, maji kidogo. Siandiki vizuri. Ondieki anasikia jiwe likilia, ameinamisha kichwa dirishani. Ningeweza kupeleka kisu hivi kilivyo. Ukanda ungekataa, wangesema ni ishara, wangeondoka ndugu, na hakuna ambaye angenilaumu. Nanoa.

Huko nje wamecheka. Kicheko kile, kimeanza puani, kimekwama, kimetoka. Nimeacha kunoa nisikilize. Kisha kikafuata cha pili, na sikuweza kutambua kipi ni cha Baba.

Anaita mara ya tatu.